Kitulo Huonwa kwa Kuinama

Watu wakisikia umetoka hifadhini, swali la kwanza ni simba na la pili ni tembo. Ukiwajibu kwamba hukuona hata mmoja, kwamba ulitembea kwa miguu kutwa nzima kwenye manyunyu ukichungulia majani, wanakutazama kama mtu aliyelipa nauli ya Arusha akashukia Chalinze. Nimeshazoea. Kila nikitoka Kitulo, masimulizi yangu huanza kwa kujitetea.

Kitulo ni uwanda wa juu, mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, katikati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Sehemu kubwa iko Makete, mkoani Njombe, na kipande kinaingia Mbeya. Mwaka 2002 Rais Benjamin Mkapa alitangaza kwamba patakuwa hifadhi ya taifa, na mwaka 2005 pakawa, kilomita za mraba 413, hifadhi ya kwanza ya taifa katika Afrika ya kitropiki kutengwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Wataalamu wamepabandika jina la Serengeti ya maua, na jina hilo linanikera kidogo. Sijui kwa nini kila kizuri nchini hapa lazima kipimwe kwa Serengeti. Kule unakaa garini, dereva anazima injini, wanyama wanakuja. Huku ukikaa garini utaona nyasi. Nyasi nyingi, zenye madoa ya rangi kwa mbali, halafu dakika kumi baadaye utaanza kuangalia simu.

Jambo la pili linalowakosesha watu Kitulo ni kalenda. Mgeni akipanga safari Tanzania huambiwa aje kiangazi, Juni hadi Septemba, na ushauri huo ni mzuri kwa Ruaha. Kwa Kitulo ni kujinyima. Juni na Julai uwanda ule ni wa sakitu: asubuhi nyasi zimekuwa nyeupe, maji ya pembeni mwa njia yameganda juu, na hakuna ua la maana. Majira ya kuchipua ya huku hayaji na jua, yanaletwa na mvua. Inaanza Novemba, na kuanzia mwisho wa mwezi huo hadi Aprili maua yanapokezana, aina hii ikimaliza nyingine inaanza. Mimi napenda Februari. Njia zinateleza, ukungu unaweza kukufunika saa nzima usione hata vidole vya aliye mbele yako, lakini ndipo uwanda unapokuwa umejaa kuliko miezi yote.

Njia ninayoipenda inaanzia Chimala, kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya. Hapo unaachana na joto la Usangu na mashamba yake ya mpunga, unapanda gari linalokwenda Matamba kupitia barabara inayoitwa Hamsini na Saba, kwa sababu ya kona zake. Nilijaribu kuzihesabu nikashindwa. Gari lilikuwa limejaa magunia matupu ya viazi yakirudi kwa wenyewe, kuku wawili, na mzee mmoja aliyelala fofofo tangu kona ya kwanza, huku sisi wageni tukishikilia chuma cha kiti na kusali kimoyomoyo. Kila kona inakupandisha na kukupunguzia joto. Chini, bonde la Usangu linazidi kuwa bapa na la kijani, mpaka barabara kuu inabaki uzi tu. Ukifika juu unafungua begi kutafuta sweta.

Matamba ni mji mdogo wa viazi mviringo na pareto. Mama mwenye gesti nilikofikia alikuwa ameweka jiko la mkaa katikati ya sebule, watu wote tumelizunguka.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Na mvua hii unakwenda kufanya nini huko juu?"

"Kuangalia maua, mama."

Akanyoosha kidole dirishani, kwenye shamba la jirani lililojaa pareto, maua meupe yenye kitovu cha njano. "Si hayo hapo? Tena hayo yanalipa."

Alikuwa na hoja. Pareto huchumwa kichwa tu, hukaushwa, huuzwa kwa ajili ya kutengenezea dawa ya kuua wadudu, na mmea unabaki shambani kutoa vichwa vingine. Nilicheka usiku ule nikalala. Kesho yake, juu kule, maneno yake yalinirudia kwa namna nyingine.

Tuliondoka alfajiri na kijana mwongozaji, mzaliwa wa hukohuko, aliyeniita dada kwa heshima yote na kunipita mwendo bila heshima yoyote. Kutoka Matamba unakabili mgongo wa mlima, mwinuko mkali wa kutosha kukuuliza ulikula nini jana, unapita mashamba ya mwisho, halafu miti inaisha. Inaisha kweli. Mbele yako ni mawimbi ya nyasi hadi macho yanapoishia, vilima vya mviringo, na mabonde mapana yasiyo na kichaka. Tukaacha njia ya gari na kukata moja kwa moja.

Ardhi ya Kitulo imetokana na volkano, udongo mweusi unaoshika maji. Kutembea juu yake kuna namna yake: nyasi zimeota kwa mafundo, kati ya fundo na fundo kuna maji, na unajifunza kukanyaga fundo bila kulivunja. Gambuti ndicho kiatu, wala usidanganywe na viatu vya dukani vya bei kubwa. Maji hayo unayoyalaani yana safari ndefu. Vijito vya kaskazini mwa uwanda vinateremka Usangu kuwa sehemu ya vyanzo vya Ruaha Mkuu, na Ruaha ndiyo inayojaza mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu kabla ya kuingia Rufiji. Taa nyingi za Dar es Salaam zimewahi kuwaka kwa maji yaliyokaa kwanza katika mafundo haya.

Maua ya kwanza kukukamata ni yale makubwa. Kniphofia husimama shina moja lililonyooka, hadi usawa wa goti na kuzidi, na kichwa chake kimefungamana vijirija vingi vinavyochanua kuanzia chini. Vilivyokwisha kufunguka ni vya njano, vya juu ambavyo bado ni vyekundu, kwa hiyo kwa rangi tu unajua ua limefika wapi. Chozi mmoja alikuwa anafanya kazi kwenye shina moja, anazunguka mstari wa katikati palepale rangi zinapokutana, maana mbochi iko kwenye vilivyofunguka karibuni. Hakutujali hata kidogo. Pembeni kulikuwa na jerani za zambarau, na Helichrysum, yale maua yenye vijani vikavu kama karatasi vinavyofanana na petali, ambayo ukungu ukija yanajifunga.

Hayo unaweza kuyaona ukiwa wima. Okidi hazikungoji ukiwa wima.

"Dada, inama hapa," kijana akasema. Alikuwa amepiga magoti kwenye maji bila kufikiri mara mbili. Mbele yake kulikuwa na shina la kijani lenye urefu wa shubiri moja na nusu, lililopangwa vijiua vya waridi iliyopauka. Akageuza kimoja kwa ncha ya kidole ili nione mgongoni. "Hesabu mikia."

Miwili, miembamba, inaning'inia nyuma ya ua.

"Satyrium. Mkia ukiwa mmoja, hapo jiulize kama ni Disa."

Si kanuni ya kumaliza kila ubishi, kwa sababu kuna okidi nyingine zenye mkia mmoja pia, Habenaria kwa mfano, zile za kijani na nyeupe ambazo mkia wake unaweza kuwa mrefu kuliko ua lenyewe. Lakini ilinitosha. Kuanzia hapo nilitembea nikiwa nimepinda mgongo. Mikia ile ndiyo vibuyu vya mbochi, na urefu wake unakuambia nani anatarajiwa: mkia mrefu ni wa nondo mwenye ulimi mrefu, anayekuja usiku, ndiyo maana Habenaria nyingi hazihangaiki na rangi. Kati ya mimea 350 hivi iliyoorodheshwa hifadhini, okidi ni 45. Tulipozungushia macho kipande cha ardhi kisichozidi mkeka wa kulalia, tulikuta aina tatu, na ya nne hatukukubaliana.

Kisha tukafika kwenye shimo.

Lilikuwa dogo, la jembe moja au ncha ya panga, na udongo wake ulikuwa bado umevurugika. Kando yake palikuwa na majani ya okidi yaliyonyauka, shina lenye maua yaliyokauka kabla ya kutoa mbegu, na kitu kilichosinyaa mfano wa dole gumba la mtu aliyefua nguo siku nzima. Kijana akakiokota akaniwekea kiganjani.

"Hiki ni cha mwaka huu. Cha mwakani wamekichukua."

Okidi hizi za ardhini huishi kwa viazi viwili. Kimoja ndicho kilichoukuza mmea wa msimu huu. Kinapolisha shina na maua kinasinyaa mpaka kinakwisha. Wakati huohuo mmea unatengeneza kingine kando yake, kigumu, kimejaa, akiba ya kuotea mvua zijazo. Mchimbaji anataka hicho kigumu. Na kwa kuwa wakati wa kiangazi hakuna kitu juu ya ardhi cha kumwonyesha kiazi kilipo, inambidi aje mmea ukiwa na majani au maua, yaani kabla haujamwaga mbegu. Kwa pigo moja la jembe umeondoa mmea wa mwakani na watoto wake. Nazo mbegu za okidi ni vumbi, hazina akiba yoyote ndani, haziwezi kuota bila kukutana na aina ya kuvu inayozilisha. Mmea uliong'olewa leo haurudishwi kwa kurusha mbegu mbili tatu.

Viazi hivyo ni vya chikanda. Zambia huvitwanga, huchanganya na unga wa karanga, pilipili na magadi, hupika mpaka ukawa mkate mzito unaokatwa vipande. Ni chakula cha asili cha Wabemba ambacho miji yote ya Zambia imekipenda. Nimekionja Tunduma, ni kitamu, na sioni aibu kusema hivyo. Mabonde ya Zambia yenyewe yalipoanza kuishiwa, wanunuzi wakavuka mpaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kwamba viazi vinavyotoka Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia vinaweza kufika milioni nne kwa mwaka. Okidi zote ziko kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, biashara yake kuvuka mpaka inahitaji kibali, lakini gunia la viazi vidogo vidogo vilivyopakwa udongo halina alama ya kuwaambia watu kwamba lilikuwa maua.

Sitaki kumgeuza mchimbaji kuwa jambazi. Januari, mahitaji ya shule yanangoja, viazi mviringo bado viko ardhini, na mnunuzi amekuja na fedha mkononi hadi kijijini. Kama ningezaliwa kule juu badala ya Tanga sijui ningebeba jembe au kamera. Ninachosema ni kwamba mama wa gesti alikuwa na jibu kubwa kuliko alivyojua: ua linalolipa na kubaki ni lile linalochumwa juu. Kinacholipwa kwenye chikanda ni mtaji.

Ukishaona shimo lile, uwanda unabadilika machoni. Unaelewa kwamba Kitulo yote imewekwa chini. Kniphofia ina mashina mazito ardhini, jamaa za irisi wana vitunguu vyao, okidi wana viazi. Kuna sababu. Mahali panapopigwa na sakitu miezi mitatu, panapopitiwa na moto kiangazi, mmea unaoacha maisha yake yote juu ni mmea uliokufa. Hawa wanafunga duka, wanashuka, wanangoja Novemba. Kinachochanua Februari ni sehemu ndogo tu waliyoamua kuionyesha. Kwa hiyo hifadhi inaweza kuporwa katika mwezi ambao mtalii yeyote angeapa kwamba hakuna kilichopungua.

Mchana jua lilitoka ghafla, kama linavyofanya huko, likaunguza mashavu ambayo saa moja kabla yalikuwa yamekufa ganzi. Tandawala mmoja alinyanyuka mbele yetu, ndege mkubwa, mzito, alianza kukimbia kwanza ndipo mbawa zikamkubali. Mbayuwayu wa samawati nao walikuwepo. Wanakuja kuzalia huku msimu wa mvua kisha wanahamia pande za Ziwa Viktoria. Upande mmoja kulionekana vilele vya Mtorwi, ambao vitabu vingi vya safari vinaupa mita 2,961, mita moja zaidi ya Rungwe. Nilimuuliza kijana kama watu wa Rungwe wanalijua hilo. Akasema afadhali tusiwaambie.

Uwanda wenyewe ulikaribia kuponyoka. Enzi za wakoloni uliitwa kwa jina la Frederick Elton, Mwingereza aliyepita huku mwaka 1877, na baadaye sehemu zake zikalimwa na kufugiwa. Hadi leo lipo shamba la serikali la ng'ombe wa maziwa jirani na hifadhi, ng'ombe wa Kizungu, madoa meusi na meupe, wanakula kwa raha kwenye baridi inayowafaa kuliko sisi.

Tulilala Numbe. Kuhusu usiku sina mengi: baridi, mvua juu ya hema, chai.

Bonde la Numbe ni la kijito na maua ya majimaji, na ukilivuka kuelekea kusini magharibi unaingia msitu wa Livingstone. Mabadiliko ni ya ghafla. Jana hakukuwa na mti, leo huoni mbingu, mianzi na miti yenye ndevu za kuvumwani, harufu ya majani yaliyooza, tope la kuteleza lisilo na fundo la kukanyaga. Huku ndiko anakoishi tumbili anayeitwa kipunji. Wanyakyusa wawindaji walimjua kwa jina hilo miaka yote, lakini sayansi ilimfikia mwaka 2003 upande wa Rungwe, na mwaka uliofuata kundi jingine la watafiti likamkuta Udzungwa. Alitangazwa mwaka 2005, na mwaka 2006 akapewa kundi lake mwenyewe la kisayansi (jenasi), Rungwecebus. Kabla yake, jenasi mpya ya tumbili wa Afrika ilikuwa haijapatikana tangu mwaka 1923. Ana manyoya marefu ya kahawia, uso mweusi na kishungi kichwani, na mlio wake ni wa ajabu, mkoromo wa kubweka. Tuliusikia mara moja. Kijana alisimama, akainua mkono, tukangoja mpaka shingo zikauma, matawi yakatikisika mbali, basi. Najua nikisimulia nyumbani hapa ndipo watu watakapoanza kusikiliza.

Kutoka ukingo wa msitu, Ziwa Nyasa linajitokeza ghafla, na moyo unafurahi kabla magoti hayajapata taarifa. Ziwa liko mita zisizofika 500 juu ya usawa wa bahari. Wewe uko juu ya 2,000. Mteremko wote huo unashukwa kwa miguu siku hiyohiyo, na hakuna sehemu ya katikati ya kupumzikia yenye kiti. Tulivua sweta, kisha koti, kisha tukakunja mikono ya shati. Migomba ikaanza, kisha kakao, kisha miembe. Nilipofika Matema, ufukweni mwa ziwa, nilikaa kwenye mchanga na gambuti zangu, watoto wakakusanyika kuuliza kama kule nilikotoka kulikuwa na mafuriko.

Kwa wanaotaka kwenda: mwongozaji ni lazima, si kwa sababu ya wanyama, ni kwa sababu ya ukungu, uwanda hauna alama na kilima kimoja kinafanana na kingine. Mwombe anayejua mimea, wapo, na uliza mapema. Chukua nguo za joto kuliko unavyodhani, kisha ongeza moja. Usiogope kwenda na wazazi, lakini wao wapite upande wa Isyonje kwa gari kutoka barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, na washuke garini watembee hata nusu saa. Mteremko wa Matema usiuanze kama umechelewa kuamka. Ukichuma ua, wahifadhi watakutoza faini, na watakuwa sahihi. Na kama unaweza kupanga, fika Matema Ijumaa: Jumamosi wanawake wa Kikisi huleta vyungu vyao kwa mitumbwi kutoka Ikombe hadi soko la Lyulilo, mwendo mfupi ufukweni, na asubuhi na mapema ndipo unapopata vile visivyo na ufa.